Askari Aliyenunua Sare Atauza Haki

Hotuba kwa waumini na wanaharakati wa mageuzi



Mlituomba tuseme juu ya polisi na ufisadi. Tulipokuwa tukijiandaa, mwenzetu mmoja alituuliza, kwa mzaha, kama kuna lolote la kusema juu ya jambo ambalo kila abiria wa matatu analijua. Ni kweli. Hakuna Mkenya anayehitaji kufundishwa maana ya "kitu kidogo". Mtoto wa shule aliyeketi kiti cha mbele ameona makanga akishuka kwenye kizuizi, akimsalimu askari kwa mkono uliokunjwa, na gari likaachiliwa liende na abiria waliozidi. Kwa hiyo hatukuja kuwaambia kwamba kuna polisi wanaokula hongo. Tumekuja kuuliza hongo hiyo huanzia wapi, huishia wapi, na ni nani awezaye kuikata njiani.

Jibu letu tunalitanguliza mapema, ili atakayesinzia asilikose. Hongo haianzii barabarani. Huanzia langoni, siku kijana anapoandikwa kazi. Wala haiishii mfukoni mwa askari. Huishia mahali ambapo askari yule yule, kwa kuwa amekwisha kununuliwa, huamriwa amwonee raia na hawezi kukataa.

SHERIA TUNAYO

Wapo wanaosema kwamba tunahitaji sheria kali zaidi. Sisi ni mawakili, na tungefurahi kuamini kwamba dawa ya kila ugonjwa ni sheria nyingine. Lakini someni Katiba iliyotangazwa tarehe 27 Agosti 2010, Kifungu cha 244. Hapo yameandikwa malengo ya Huduma ya Taifa ya Polisi. La kwanza ni kujitahidi kufikia kiwango cha juu kabisa cha weledi na nidhamu. La pili ni kuzuia ufisadi, na kufanya kazi kwa uwazi na uwajibikaji. Yanafuata kuheshimu haki za binadamu, kuwafunza askari umahiri na uadilifu, na kujenga uhusiano mwema na jamii.

Tazameni mpangilio huo. Katiba haikusema kwamba ufisadi wa polisi ni kazi ya tume fulani iliyoketi Nairobi ikingoja malalamiko. Ilisema kwamba kuzuia ufisadi ni kazi ya polisi wenyewe, sawa na kumkamata mwizi. Afisa anayeona mwenzake akipokea hongo na kugeuza uso hajakaa kando ya kosa hilo. Ameacha kazi aliyoajiriwa kuifanya.

Wazee walio hapa wanakumbuka tulikotoka. Mwaka 1988 Katiba ya zamani ilibadilishwa, na mtu aliyeshukiwa kwa kosa la kunyongwa akaweza kuwekwa siku 14 kabla ya kufikishwa mbele ya hakimu. Kamishna wa Polisi aliteuliwa na Rais peke yake, wala hakuwa na ulinzi wowote wa kazi yake. Leo Kifungu cha 49 kinataka mshukiwa afikishwe mahakamani kabla ya saa 24 kwisha, au siku ya mahakama inayofuata ikiwa muda huo umeishia nje ya saa za kazi. Kifungu cha 245 kinasema kwamba Inspekta Jenerali atahudumu kwa kipindi kimoja cha miaka minne, na kwamba hakuna mtu atakayemwelekeza amchunguze nani, amkamate nani, wala ampandishe nani cheo. Bunge lilitunga sheria ya polisi mwaka 2011, na mwaka huo huo likaunda Mamlaka Huru ya Kutathmini Utendakazi wa Polisi, IPOA. Mwaka 2016 likapitisha Sheria ya Hongo, inayomtia hatiani anayetoa pamoja na anayepokea.

Sheria basi hazikukosekana. Kilichokosekana ni mtu wa kuzishika pale zinapouma.

LANGONI

Tarehe 14 Julai 2014 vijana walijitokeza katika viwanja vya nchi nzima kuandikwa polisi. Nafasi zilikuwa 10,000. Ninyi nyote mmewahi kuiona siku kama hiyo: vijana wamevua viatu, wanakimbia, wanapimwa kimo na kifua, wanakaguliwa meno, nao wazazi wamesimama nje ya uzio wakiomba. Jioni wachache huitwa majina, na walio wengi hurudi nyumbani kwa miguu.

Mwaka huo malalamiko ya hongo na upendeleo yalikuwa mengi hata IPOA yenyewe ikaenda mahakamani. Tarehe 31 Oktoba 2014 Mahakama Kuu ikafuta zoezi lote. Tunaomba mlitafakari jambo hilo. Chombo cha serikali kilisimama mbele ya jaji kikasema kwamba uandikishaji wa polisi haukuwa halali, na jaji akakubali. Lilikuwa tendo la ujasiri, na harakati zetu hazikulipa sifa lililostahili.

Kisha likaja jaribio. Alfajiri ya tarehe 2 Aprili 2015 magaidi walishambulia Chuo Kikuu cha Garissa wakawaua watu 148, wengi wao wanafunzi. Nchi ililia. Siku hiyo hiyo Rais aliagiza kwamba wale 10,000 waripoti mafunzoni upesi, ingawa amri ya mahakama ilikuwa bado ipo. Tulielewa uchungu uliozaa agizo lile. Hata hivyo lilikuwa kosa, na ni vyema kwamba hatimaye halikufuatwa. Uandikishaji mpya ulifanywa tarehe 20 Aprili 2015.

Kwa nini tunasema lilikuwa kosa, na hali damu ilikuwa haijakauka? Hebu pigeni hesabu ya mzazi. Baba ameuza ng'ombe wawili na kipande cha shamba ili mwanawe aitwe jina jioni ile. Kijana anaingia chuoni akiwa na deni. Anatoka akiwa na bunduki, na deni bado lipo. Atalilipa kwa nini? Kwa mshahara wa konstebo, atamaliza miaka. Kwa hiyo atalilipa kwa kizuizi cha barabarani, kwa seli ya Ijumaa jioni, kwa faili linalopotea. Na siku gaidi atakapofika mpakani na noti mkononi, mtu aliyezoea kuuza njia ataiuza pia njia hiyo. Usalama na uadilifu si mizani miwili ambayo mmoja ukipanda mwingine hushuka. Askari mwadilifu ndiye ulinzi wenyewe.

NJIA YA JUU

Tume ya Taifa ya Huduma ya Polisi ilianza kuwapiga msasa maafisa mwishoni mwa mwaka 2013, ikianza na wakubwa. Zamu ya askari wa trafiki ilipofika, tume ilitaka kuona taarifa za benki na za simu. Taarifa hizo zilisema yale ambayo midomo isingesema. Pesa zilikuwa zikitoka kwa askari wadogo kwenda kwa wakubwa wao kwa M-Pesa, tena na tena, na wengi walioulizwa hawakuwa na maelezo ya kuridhisha.

Hapo ndipo tulipojifunza kwamba yule konstebo anayenyooshewa mkono na makanga ni mkusanyaji tu. Ana hesabu ya kupeleka. Asipoipeleka atahamishiwa kituo cha mbali, au atanyimwa zamu ya barabarani, na mwingine atawekwa mahali pake. Twamlaumu mdogo kwa kuwa ndiye tunayemwona. Lakini mti haukatwi kwa kupukutisha majani. Ajira ikiuzwa, uhamisho utauzwa, na uhamisho ukiuzwa, cheo kitauzwa. Ndiyo sababu Katiba iliunda tume, ili mambo hayo yasiwe mali ya mtu mmoja.

Wapo watakaosema: askari wanalipwa kidogo, wanalala vibaya, mnataka wafanye nini? Hoja hiyo si ya kudharauliwa. Tume na majopokazi yaliyowahi kuteuliwa, la Jaji mstaafu Philip Ransley mwaka 2009 na lililoongozwa na Jaji Mkuu mstaafu David Maraga mwaka 2023, yote yalizungumzia hali duni ya askari. Tumeziona familia mbili zikigawana chumba kimoja kwa pazia. Mtu anayevua sare ndani ya chumba kama hicho, watoto wa mwenzake wakisikia kila neno analomwambia mkewe, ni raia aliyeonewa kama sisi, na harakati hizi ni zake pia. Lakini umaskini hauelezi kila kitu. Walio juu, wanaopokea zile pesa za M-Pesa, si maskini. Tuwadai askari wadogo mishahara na nyumba bora, na kwa kauli hiyo hiyo tuwadai wakubwa wao hesabu.

MWISHO WA NJIA

Sasa tuseme juu ya mahali hongo inapoishia. Tutasema polepole, maana aliyekufa ni mwenzetu.

Mwezi Aprili 2015 mwendesha bodaboda aitwaye Josephat Mwenda alisimamishwa na polisi, akapigwa risasi, akajeruhiwa. Badala ya aliyempiga kushtakiwa, yeye ndiye aliyeshtakiwa. Mwenda hakunyamaza. Alipeleka malalamiko yake IPOA, na wakili Willie Kimani, aliyefanya kazi na shirika la Kikristo la msaada wa sheria, akasimama naye. Tarehe 23 Juni 2016 walikuwa katika mahakama ya Mavoko kwa kesi ya trafiki. Waliondoka katika teksi ya Joseph Muiruri. Hawakufika nyumbani. Walizuiliwa katika kambi ya polisi, na humo Kimani aliandika ujumbe kwenye kipande cha karatasi ya chooni, akaomba atakayekiokota ampigie mkewe simu. Siku chache baadaye miili ya wote watatu ilitolewa mtoni, Ol Donyo Sabuk.

Mawakili tuliandamana. Kesi ilichukua miaka sita. Mwezi Julai 2022 Mahakama Kuu iliwatia hatiani maafisa watatu wa polisi na raia mmoja aliyekuwa mpasha habari wao, na mwezi Februari 2023 wakahukumiwa, mmoja wao adhabu ya kifo.

Mtauliza kisa hiki kinahusianaje na noti ya makanga. Kinahusiana hivi. Askari hawezi kutunga shtaka la uongo akiwa peke yake. Anahitaji kitabu cha matukio kinachoweza kuandikwa upya, mwenzake atakayetia sahihi, mkubwa atakayegeuza uso. Watu hao hawazaliwi siku ya mauaji. Huandaliwa pole pole, kwa noti ndogo ndogo, mpaka kila mmoja awe na siri ya mwenzake na pasiwe na mtu anayeweza kusema hapana. Hongo ndiyo gundi inayowashikanisha.

Na hapa ndipo suala hili linapokuwa suala la vyama vingi. Watu wengine hudhani kwamba ufisadi wa trafiki ni kero, na kwamba siasa ni jambo jingine kubwa zaidi. Mnamo tarehe 7 Julai 1997 sisi tulikuwa vijana wa shule. Siku hiyo polisi waliingia ndani ya Kanisa Kuu la All Saints, Nairobi, wakawapiga watu waliokusanyika humo kuomba mageuzi. Tume ya Jaji Waki iliporipoti mwaka 2008, ilisema kwamba katika watu 1,133 waliouawa baada ya uchaguzi wa 2007, 405 walikufa kwa risasi. Kifungu cha 239 cha Katiba sasa kinawakataza polisi kupendelea chama chochote. Lakini ni askari yupi atakayemwambia mkubwa wake kwamba amri hii si halali? Ni yule tu asiyedaiwa. Aliyenunua sare yake, aliyemtumia mkubwa wake pesa kila mwisho wa juma, hana mdomo wa kukataa. Polisi wanaouzwa rejareja barabarani watanunuliwa kwa jumla wakati wa uchaguzi.

JE, YAWEZEKANA?

Wengine wamekata tamaa. Kwao tunatoa mfano mmoja wa mbali. Katika miaka ya 1960 na mwanzoni mwa 1970, polisi wa Hong Kong walikuwa na vikundi vya kukusanya hongo na kuzipandisha juu, kwa mtindo tunaoujua sisi. Mwaka 1973 afisa mwandamizi, Peter Godber, alipokuwa akichunguzwa kwa mali asiyoweza kuieleza, alitoroka nchi. Vijana na wanafunzi walijaa barabarani wakidai arudishwe. Mwezi Februari 1974 ikaundwa tume huru ya kupambana na ufisadi, nje kabisa ya polisi, nayo ikagawa kazi yake mara tatu: kuchunguza, kuziba mianya, na kuelimisha umma. Godber alirudishwa mwaka 1975 akafungwa. Polisi walipinga sana, hata mwezi Oktoba 1977 wakavamia ofisi za tume hiyo, na gavana akalazimika kutoa msamaha kwa makosa mengi ya zamani. Lakini tume haikuvunjwa, na vile vikundi vilikufa.

Tunajifunza mambo mawili. Polisi hawawezi kujichunguza peke yao. Na tume haitadumu isipokuwa raia wameisimamia, kwa sababu siku ya kuvamiwa itafika. IPOA yetu imepata hukumu chache mno kulingana na wingi wa malalamiko, na mashahidi wake huogopa. Tukiiacha peke yake, itakufa huku jina lake likibaki mlangoni.

YA KUFANYA

Hatupendi hotuba inayowaacha watu na hasira bila kazi. Basi haya ndiyo tunayowaomba.

Kwanza, siku ya kuandikisha polisi, kila kanisa litume watu wawili au watatu wakasimame kiwanjani na daftari. Waandike saa, majina yaliyoitwa, na waliokataliwa na sababu waliyopewa. Maandishi ya namna hiyo ndiyo jaji huyahitaji.

Pili, mjue yasiyolipiwa. Kuandikisha malalamiko kituoni hakulipiwi. Fomu ya P3 hailipiwi. Dhamana ya pesa taslimu si ada. Hutolewa risiti, na hurudishwa kesi ikiisha ikiwa mshtakiwa amefika mahakamani kila alipotakiwa. Akina mama, msiende kituoni peke yenu usiku. Nendeni wawili au watatu, ombeni nambari ya kitabu cha matukio, andikeni jina la afisa wa zamu. Tumeona mara nyingi jinsi sauti inavyobadilika kalamu inapotokea.

Tatu, mbunge wenu aulizwe katika kila mkutano: IPOA imetengewa fedha kiasi gani, na ulinzi wa mashahidi kiasi gani? Bajeti ndiyo ungamo la kweli la serikali.

Nne, tumtetee askari mwema. Yupo. Yule aliyekataa kutuma pesa juu akahamishwa ana haki ya kuwa na wakili, na ofisi zetu ziko wazi kwake kama zilivyo wazi kwa raia aliyepigwa.

Na tano ni sisi wenyewe. Hapa tunaona haya, lakini mahali hapa ni pa kweli. Asubuhi moja tulikuwa tumechelewa mahakamani, tukiwa na mteja ndani ya gari. Tulisimamishwa. Kulikuwa na kosa dogo la bima, na hakimu tuliyekuwa tukimwendea hakuwa mtu wa kungoja. Tulitia mkono mfukoni. Mteja alitazama nje, hakusema neno. Jioni, tulipomwonya asimpe mtu yeyote chochote ili faili lake lionekane, alituuliza kwa upole: "Na ile ya asubuhi, wakili?" Hatukuwa na jibu. Tangu siku hiyo tumechelewa mara nyingi, na tumelipa faini mahakamani kama watu wengine, lakini lile swali hatujalisahau.

Waumini mnakumbuka kwamba askari nao walikwenda mtoni kwa Yohana Mbatizaji, wakamwuliza wao wafanye nini. Hakuwaambia wavue sare. Aliwapa mambo matatu: unyang'anyi ukome, mashtaka ya uongo yakome, na mshahara wao uwatoshe. Nao walikwenda kuuliza wenyewe. Kazi yetu ni kuijenga nchi ambayo askari anaweza kuuliza swali hilo kwa sauti, mbele ya mkubwa wake, na kesho yake awe bado yuko kazini na bado yu hai.

Jumamosi ijayo kuna vijana wenu watakaokuja ofisini kwetu kujifunza kuandika taarifa ya kiapo. Waleteni, nao waje na kalamu.